Mlio Chini ya Miguu ya Baba

Gari lilianza kulia siku ya nne tangu nilinunue. Siku tatu za mwanzo lilikuwa kimya, au labda mimi ndiye niliyekuwa na furaha kupita kiasi nikawa sisikii. Siku hiyo ya nne, nikipanda kwenda nyumbani Buswelu, pale lami inapoishia na mawe kuanza, nikasikia ko-ko-ko mbele upande wa kushoto. Nikasimama, likanyamaza. Nikaondoka, ko-ko-ko. Nikafunga madirisha nikamtukana aliyeniuzia, peke yangu ndani ya gari, matusi ambayo mwanafunzi wangu akiyatamka ninamwita mzazi wake shuleni.

Alikuwa ameniapia kwamba gari halijaguswa hata skrubu moja. Mtu anayeapa hivyo kuhusu gari lililotumika Japani, likaja likatumika tena Mwanza miaka mitatu, ni wa kukimbiwa. Mimi sikukimbia. Nilikuwa nimetamani gari kwa miaka mingi mno, na lile lilikuwa dogo, la rangi ya fedha, tena lilikuwa limeinuliwa, maana huku milimani watu huwekea springi vipande vya chuma ili tumbo la gari lisikwaruze mawe. Nililikuta limesimama juu juu kama jogoo anayetaka kuwika, nikalipenda hapo hapo.

Lakini hasira yangu ya siku ile haikudumu. Kabla sijafika getini nilikuwa nimeshaanza kufurahi kidogo. Nilikuwa nimepata kitu cha kumuuliza baba.

Baba alihamia kwangu baada ya mama kufariki. Kwetu ni upande wa Magu, na kabla ya kustaafu alikuwa fundi mkuu wa malori katika kiwanda cha kuchambua pamba. Watu wa rika lake bado wanalisimulia sikio lake. Lori lilipokuwa likiingia getini, yeye akiwa ndani ya karakana anakunywa uji, alisema, "Hilo propela shafti imelegea," na dereva akishuka alikuta spana zimeshapangwa chini. Nilikua nikilihesabu sikio hilo kama mali ya familia. Hatukuwa na ng'ombe wengi kama majirani zetu. Tulikuwa na baba anayeelewa chuma kinasema nini.

Kwangu hakuwa na kazi. Aliamka alfajiri, akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akakaa barazani kuyatazama mawe ya mlimani mpaka chakula cha mchana. Mume wangu anafanya kazi Geita na huja mwisho wa mwezi, watoto wako bweni, na mimi nafundisha kemia shule moja ya Igoma, nikirudi narudi na lundo la madaftari. Hakuna aliyemuuliza baba kitu chochote kutwa nzima. Nilimwona anapungua, na si mwili tu. Alianza kuomba ruhusa ya kuwasha taa. Mtu aliyekuwa akiamrisha malori ananiuliza mimi, "Mayu, niwashe?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Kila akiuliza hivyo nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta kitu, kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Na tulijua kwamba hasikii vizuri. Tulimwona akicheka pale wengine walipocheka, akichelewa kidogo. Ukimuuliza kama amekula, anakujibu ndiyo, hata yeye anaona mvua itanyesha. Sisi tulijipanga bila kuitisha kikao: tuliongeza sauti, tulirudia maneno kana kwamba sisi ndio tuliosahau, na jibu lake likienda kombo tulilipokea vilevile na kuendelea nalo. Katika malezi yangu mtoto hamwambii mzazi wake kwamba hasikii. Unamwachia heshima yake. Mimi nalipwa mshahara kwa kusahihisha makosa ya watu, na wanafunzi wananijua kwamba sisamehi hata nukta, lakini kosa hilo moja nililipitisha kila siku, na nikajiona mtoto mwema.

Jumamosi nikamwinamia nikamwambia, "Baba, gari linalia. Naomba ulisikilize."

Aliinuka kabla sijamaliza. Akaenda kuvaa viatu vya ngozi na shati la mikono mirefu, akachana nywele zake chache. Akakaa kiti cha mbele, kushoto kwangu, akafunga mkanda, akaweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya dashibodi na kufumba macho. Nilikumbuka alivyokuwa akifanya hivyo hivyo kwenye boneti za malori nilipompelekea chakula kiwandani, nikiwa na sare ya shule ya msingi. Nikaingiza gia tukaanza kuteremka.

Ko-ko-ko. Mlio ulitoka chini ya miguu yake, wazi kabisa, kama mtu aliyefungiwa chini ya sakafu anabisha hodi. Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesali.

"Zima hiyo redio, mayu," akasema. "Inanizuia."

Redio haikuwa imewashwa. Haijawahi kuwaka tangu ninunue gari hilo. Inadai namba za siri ambazo hata aliyeniuzia hakuzijua. Sijui baba alikuwa anasikia nini kichwani mwake, labda ni mvumo wa masikio yenyewe. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na maneno yenyewe hayakuzidi manne. Badala ya kusema nilinyoosha mkono, nikabonyeza kitufe cha redio iliyozimwa, nikamwambia, "Tayari, baba."

"Ehe," akasema. "Sasa nasikia."

Tulizunguka mpaka karibu na soko tukarudi. Alipofumbua macho alikuwa mtu mwingine, ana sauti ya karakana. "Ni ekzosi. Lile bati linalokinga joto limelegea. Kitu kidogo. Twende Igoma, kijana wangu akalifunge."

Mimi sijui magari, lakini najua kutofautisha mbele na nyuma. Bomba la ekzosi linapita katikati linaelekea nyuma, na mlio ule ulikuwa mbele kabisa, kwenye gurudumu la kushoto. Nilijua palepale kwamba amekosea. Nikageuza gari kuelekea Igoma.

"Kijana" aliyemsema ana umri wa miaka hamsini na wajukuu wawili. Alijifunza kazi kwa baba kiwandani, na sasa ana karakana yake kando ya barabara ya Musoma, uwanja wa mafuta meusi wenye magari ya kila namna yaliyofunuliwa boneti. Alipomwona baba anashuka aliweka spana chini, akafuta mikono kwenye ovaroli na kuinama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kazi zinakwenda?"

"Zinakwenda, mwalimu, kwa elimu yako." Kisha akawageukia mafundi wake sita. "Njooni msalimie. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika spana. Hakuna gari linaloweza kumdanganya huyu."

Wakaja wote, shikamoo baada ya shikamoo. Baba akawa amesimama katikati yao, mgongo umenyooka. Sikuwa nimemwona amesimama hivyo tangu tumzike mama. Akaanza kuwaeleza habari ya lori moja lililogoma kupanda daraja, na wao wakamsikiliza huku wamekunja mikono kifuani kwa adabu. Nilijisikia vizuri mno. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kila kilichofuata kilitokana na nilivyojisikia pale.

Fundi aliendesha gari mwenyewe, mimi nikiwa pembeni yake. Jiwe la kwanza tu, ko-ko-ko, akanitupia jicho. Akageuza gari tukarudi. Akashuka, akamsogelea baba, akamuuliza kwa sauti ya juu, "Mwalimu, wewe umesikia nini?"

"Bati la ekzosi."

Fundi alifuta mikono kwenye ovaroli kwa mara nyingine. "Ndiyo, mwalimu," akasema. "Ndilo hilo."

Akaingia chini ya gari, akalifunga lile bati kwa waya, kisha akaligonga kwa ngumi ili kila mtu aone kwamba limekaza. Baba akapiga makofi mawili. Mafundi nao wakapiga.

Walipokuwa wakimletea baba soda, fundi aliniita nyuma ya mapipa ya oili.

"Madam, umesikia na wewe?"

"Nimesikia. Ni mbele."

"Ni boljointi ya kushoto." Alikunja ngumi moja akaitia ndani ya kiganja cha mkono wa pili, akaizungusha, kunionyesha jinsi kiungo hicho kinavyolishika gurudumu na bado kuliacha likate kona. "Imekwisha. Gari hili limeinuliwa mno, kiungo kinavutwa muda wote. Kikichomoka, gurudumu linalala chini."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mbele ya vijana wangu? Mimi nimpinge mwalimu?" Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo. "Wewe ni mwanawe. Kamwambie taratibu nyumbani. Ukishindwa, niletee gari peke yako, nitafunga nyingine na mzee hatajua. Ila usichelewe, madam. Na usiende nalo mbali."

Nililishika lile la kwamba mzee hatajua. Lilinifaa.

Njiani kurudi baba aliniuliza, "Limenyamaza?"

"Limenyamaza, baba," nikasema, na huku chini ya miguu yake kulikuwa kunagonga kama kawaida. Alitabasamu njia nzima. Jioni ile giza lilipoingia aliinuka akawasha taa ya sebuleni bila kumuuliza mtu. Nilipoliona hilo nikajiambia kwamba sitamwambia kamwe.

Jumatatu saa ya chakula cha mchana nilitoroka shuleni nikapeleka gari. Fundi alikuwa amekwenda msibani Magu, harudi mpaka Alhamisi. Vijana wake walikuwepo na wangeweza kuifanya kazi ile. Lakini vijana hao ndio waliopiga makofi Jumamosi, na mimi sikutaka wajue kwamba mzee waliyempigia makofi alikosea. Nikawaambia nimepita kusalimia. Alhamisi nikarudi, fundi akanikuta nje ya karakana, tukanong'ona kama watu wanaopanga wizi. Kifaa chenyewe hakikuwepo dukani, kingekuja Jumatatu inayofuata. Nikasema Jumatatu si mbali. Wiki nzima nililiendesha gari hilo kwenda shule na kurudi, nikijua.

Ijumaa baba akanipa simu nimpigie shangazi, dada yake wa pekee aliyebaki, anayeishi Kayenze kando ya ziwa. Alitaka aambiwe kwamba Jumapili tunakwenda kumsalimia, na kwamba tunakwenda na gari alilolitengeneza yeye mwenyewe. Nilimwambia shangazi maneno hayo hayo. Alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio.

Usiku nilimpigia mume wangu nikamweleza yote.

"Mwambie baba ukweli," akasema. Yeye ni Mhaya wa Kagera, na katika miaka yote ya ndoa yetu sijamwona akimung'unya maneno mbele ya mtu, awe bosi wake au paroko.

"Mwambie wewe, basi. Nimpe simu?"

"Mimi? Mimi ni mkwe. Nitaanzia wapi?"

Fundi alisema mimi ndiye mwana. Mume alisema yeye ni mkwe. Mimi nilijiambia kwamba mtoto hawezi, na kwamba nitaendesha taratibu. Watu wangapi wamezikwa wakiwa wamejiambia kwamba wataendesha taratibu, mwalimu mzima nilipaswa kujua.

Jumapili baada ya misa tuliondoka. Baba alikuwa amevaa koti. Kwenye lami gari lilitulia kidogo, na nilianza kuamini kwamba Mungu ameamua kutusitiri, lakini tulipoiacha lami mlio ulirudi na ulikuwa umebadilika. Haukuwa tena ko-ko-ko. Ulikuwa mzito, go, kisha kimya, kisha go, na kila ulipogonga niliusikia kwenye usukani mikononi mwangu. Baba aliweka kiganja chake juu ya dashibodi, akatazama ziwa lililokuwa likionekana na kupotea kati ya mawe.

"Sikia lilivyotulia," akasema.

"Ndiyo, baba."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kabla ya ajali. Tulikuwa tumefika mahali ambapo wanawake huanika dagaa kwenye nyavu pembeni mwa barabara. Lori la mchanga lilikuja limeshika katikati, nikasogea kushoto kulipisha, gurudumu likaingia kwenye shimo dogo tu, shimo la kawaida. Kukalia kishindo, usukani ukanichomoka mikononi, na pua ya gari ikadondoka. Tuliburuta kwa tumbo hatua kadhaa mpaka tukaingia mtaroni na kusimamishwa na jiwe. Vumbi liliingia kila mahali.

Mwendo ulikuwa mdogo. Kama ingetokea dakika ishirini kabla, kwenye lami, nisingekuwa hapa kuandika. Baba uzito wake wote ulikwenda kwenye ule mkono uliokuwa juu ya dashibodi. Hakupiga kelele. Aliushika kwa mkono wa kushoto akauweka mapajani, akageuka.

"Umeumia, mayu?"

Nilitikisa kichwa.

Wanawake wa dagaa walikuja mbio, na waendesha bodaboda wawili watatu. Mama mmoja alivua kitenge chake akamfungia baba mkono shingoni. Nikampigia fundi, akasema anakuja. Nilitaka baba apelekwe hospitali palepale kwa bodaboda, lakini alikataa, akasema kwanza anataka kuona. Alizunguka mbele ya gari, akapiga magoti kwenye vumbi akiwa na koti lake la kanisani, akainama.

Gurudumu la kushoto lilikuwa limelala ubavu chini ya bodi. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akaingiza mkono usioumia ndani, akapapasa, akaniita.

"Hii haikuchomoka leo," akasema. "Njoo uone inavyong'aa humu. Chuma kimesugua chuma wiki nyingi." Alikuwa anafundisha. Sauti ilikuwa ile ya karakana, na kwa sekunde chache nadhani hata maumivu alikuwa ameyasahau. "Kitu kikifika hapa hakinyamazi. Kinagonga. Lazima kigonge."

Mkono ulibaki pale pale kwenye chuma. Akainua uso akanitazama.

"Kilikuwa kinalia?"

"Kilikuwa kinalia, baba," nikasema polepole.

"Eeh?"

"Kilikuwa kinalia."

"Eeh?" Alisogeza sikio.

Watu walikuwa wametuzunguka. Kwa muda wote ule tulikuwa tumemficha ili asiaibike mbele za watu, na sasa palikuwa na watu ishirini, na hapakuwa na namna nyingine ya kumfikishia neno. Nilipiga kelele. Katika maisha yangu yote sijawahi kumpigia baba kelele, hata nilipokuwa msichana mwenye kichwa kigumu.

"Kilikuwa kinalia, baba! Kila siku! Chini ya miguu yako!"

Mama aliyetoa kitenge alinitazama kama anayetazama mtu asiye na malezi. Baba hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa maelekezo ya njia.

"Na wewe ulikisikia."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na kijana wangu?"

Nikaitikia.

"Na ile redio?"

Nilitikisa kichwa kwamba haikuwa imewashwa. Nililia pale, mbele ya watu wote, na sikujali tena.

Akakaa juu ya jiwe lile lililotusimamisha. Akafuta vumbi gotini kwa mkono mzima. Alisema bila hasira, na ningeshukuru kama angekuwa na hasira.

"Nilijua masikio yamepungua. Sikujua kwamba yamekwisha. Ningejuaje? Kila nilichosema mlikubali."

Fundi alifika amepakiwa kwenye bodaboda, na mfuko wa vifaa mgongoni. Akashuka, akainama. "Shikamoo, mwalimu. Pole sana, mwalimu."

Baba alimtazama midomo. Hakuitikia salamu.

"Mimi nilikufundisha kunyamaza?" akamuuliza.

Fundi akaenda kwenye gurudumu, akaanza kulifungua.

Hospitali walikuta mfupa wa kifundo cha mkono umepata ufa, wakamfunga plasta. Daktari aliyemhudumia alikuwa mwanamke mdogo, umri wa kufundishwa na mimi. Alimuuliza maswali matatu, baba akajibu moja. Aliweka kalamu mezani, akasogea mbele ili baba amwone vizuri usoni, akasema kwa sauti na kwa uwazi, "Mzee, husikii. Tutakupeleka kwa wataalamu wa masikio."

Haikumchukua hata dakika. Mimi nilisubiri baba anyong'onyee. Baba aliinamisha kichwa kidogo, akasema, "Asante, binti yangu," na alisema kwa moyo wake wote.

Baada ya majuma mawili akapimwa. Alirudishwa nyumbani na karatasi ya Kiingereza, na kwa kuwa Kiingereza cha baba kinaishia kwenye majina ya vifaa vya injini, alinipa niisome. Tulikuwa tumekaa barazani, jua la alasiri lilikuwa linawaka juu ya mawe. Nilikuwa nimejiandaa kwa saa ile. Nilikuwa nimeapa. Nilimkabili uso kwa uso, nikasoma kila mstari na kuutafsiri kwa sauti kubwa, bila kuongeza na bila kupunguza: kwamba sikio la kulia halisikii kabisa, kwamba la kushoto limebaki na kidogo, kwamba kifaa cha kuvaa kinaweza kulisaidia hilo la kushoto, na kwamba kilichopotea hakitarudi. Hilo la hakitarudi nalo nililisema lote.

Alikuwa ananitazama midomo muda wote.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Hakuna ulichoruka?"

"Hakuna hata kimoja."

"Asante, mayu," akasema kwa upole. Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara mbili kwa mkono usio na plasta, akaingia ndani kuvaa koti. Kisha akateremka ngazi, akavuka njia na kupiga hodi kwa jirani yetu wa ng'ambo, mama mmoja mwuguzi mstaafu ambaye hatujawahi kuwa na ukaribu naye zaidi ya salamu.

Niliwaona wamekaa kwenye benchi lake. Mama yule alivaa miwani, akaifungua karatasi, akamsogelea baba sikioni upande wa kushoto. Alisoma kwa sauti ya juu mpaka kwangu ilifika, na maneno aliyomsomea yalikuwa yale yale niliyomsomea mimi, mstari kwa mstari. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa.